Tanbihi ya Arobaini na Moja

Profesa alikuwa na desturi ya kukagua kurasa zangu akiwa amesimama, rula mkononi, na mimi nimekaa mbele ya mashine ya kuchapa bila kugeuka. Nilijua kwa sauti tu amefika wapi. Rula ikigonga meza mara moja, ukurasa ni mzuri. Ikinyamaza, kuna kosa. Jumatatu ile ilinyamaza muda mrefu mno.

Nieleze kwanza kazi yenyewe ilikuwa nini. Ilikuwa Élisabethville, mji mkuu wa Katanga, miaka ya hamsini, enzi za utawala wa Wabelgiji, nami nilikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yangu alitoka kaskazini ya Katanga akifuata kazi ya kulaza reli, na wote wawili, yeye na mama, walifariki ningali mdogo. Nililelewa na mdogo wake mama, mama mdogo, katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, maana mume wake alikuwa mchoma matofali pale. Mapadri walinifundisha kupiga mashine kwa vidole kumi, na kwa ajili ya vidole hivyo mwalimu mmoja wa fasihi kutoka Ubelgiji, ndiye huyo Profesa, akanichukua nimpigie kitabu chake.

Kitabu kilikuwa cha nyimbo za wanawake wa mji wetu. Profesa alikuwa amezinasa kwa mashine ya sauti, akazihamishia kwenye kadi, kila wimbo kadi yake: maneno, jina la mwimbaji, umri, asili yake, mahali anapokaa na siku aliyoimba. Kutoka kwenye kadi maneno yalikwenda kwenye sura za kitabu, na jina likaenda chini ya ukurasa, kwenye tanbihi.

Kanuni zake zilikuwa nyingi na hakusamehe hata moja. Nukuu fupi ilikaa ndani ya sentensi, imefungwa kwa alama zake, na mistari ya wimbo ikatenganishwa kwa mkwaju, kile kistari kilicholala upande, nafasi moja kabla yake na nafasi moja baada yake. Nukuu ikizidi mistari mitatu ilitoka nje ya aya, ikasogezwa ndani nafasi kumi, bila alama za kunukuu. Mstari ulikatwa pale mwimbaji alipovuta pumzi, si pale karatasi ilipoishia. Na tanbihi ndizo zilizonitesa, kwa sababu mashine haijui ukurasa unaisha wapi. Ilibidi nihesabu kabla ya kuanza tanbihi za ukurasa huo zitakula mistari mingapi, niweke alama ya penseli pembeni, kisha nisiipite. Nikikosea mstari mmoja, ukurasa mzima na nakala zake tatu za kaboni vinakwenda kapuni.

Siku moja nilithubutu kumwuliza kwa nini ajitese hivi kwa maandishi madogo ambayo hakuna atakayeyasoma. Alivua miwani, akaifuta kwa tai yake.

"Wenzangu wakimnukuu mshairi wa kwetu," alisema, "wanaandika jina lake, mji, mwaka, ukurasa. Akiimba mwanamke wa hapa, wanaandika 'wenyeji huimba'. Kama vile upepo ndio umeimba. Mimi sitaandika hivyo."

Nilimheshimu kwa maneno yale. Ndiyo maana mimi mwenyewe nilikuwa nimempeleka kwa mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mikwaruzo, na katika kambi nzima hakuna aliyemshinda kutunga wimbo. Aliimba nyimbo nane kwenye mashine ya Profesa, chini ya kivuli cha ukuta wa parokia, na wa sita ndio ulionikosesha usingizi nilipoukuta kwenye kadi:

Ule wa fimbo anakuya,
anafunua chungu ya benyewe.
Bukari haisemi, sombe haisemi.
Na ku nyumba yake,
nani anafunuaka?

Profesa alisikia bukari, ndio ugali, na sombe, majani ya muhogo, akauona ni wimbo wa mapishi. Aliuandikia kurasa sita, akausifu kuliko nyimbo zote, akaeleza jinsi chungu kinavyonyamaza na jinsi mwimbaji anavyorudia. Hakuwa anaishi kambini. Hakujua kwamba kila Alhamisi asubuhi mkuu wa kambi, Mzungu, alipita nyumba kwa nyumba na kapita wake, msimamizi Mwafrika, kukagua usafi, akiinua vifuniko vya vyungu kwa ncha ya fimbo, anuse kama kuna pombe. Wala hakujua kwamba wanawake waliofua nguo nyumbani kwa mkuu huyo walikuwa wamemwona mwanamume fulani mgeni akiingia kwa mlango wa jikoni, saa ambazo mwenye nyumba yuko kwetu akifunua sombe. Mstari wa mwisho wa wimbo ulimhusu mgeni huyo. Wanawake waliuimba bombani huku wakicheka, wakiacha pale mkuu alipotokea.

Mwaka uliotangulia, mwanamke wa safu ya nyuma ya nyumba za kambi alimjibu mkuu yule mbele ya watu. Hakumtukana, alimwomba tu asigonge mlango kwa nguvu, mtoto amelala. Juma halikuisha mume wake akawa hana kazi, na asiyekuwa na kazi hakuwa na nyumba. Niliwaona wamekaa juu ya godoro kando ya barabara, vyungu vimefungwa ndani ya kitenge, wakingoja lori la kwenda Kasenga kwa ndugu zao. Na huyo hakuwa amesema neno juu ya mke wa mtu.

Basi nilipofika kwenye ukurasa wa wimbo ule, mahali pa tanbihi ya arobaini na moja, mikono ilisimama. Kadi ilikuwa mbele yangu: jina la mama mdogo lililo kwenye kitambulisho, umri, kabila, na jina la kambi kwa herufi kubwa. Nilipiga badala yake: "Mwimbaji hakutaja jina lake. Élisabethville." Kadi nikaitia ndani ya kitabu changu cha sala, kwenye mfuko wa koti lililoning'inia msumarini.

Huo ndio ukurasa ambao rula iliunyamazia Jumatatu ile.

"Huu umeupiga wewe?"

"Ndiyo, Bwana Profesa."

"Tanbihi ya arobaini na moja. Nisomee."

Nikasoma.

"Na orodha ya waimbaji, ile ya mwisho wa kitabu, uliipiga lini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Orodha ile nilikuwa nimeipiga majuma mawili nyuma, kwa mpangilio wa alfabeti, na jina la mama mdogo lilikuwa katikati yake, na mbele ya jina namba za nyimbo zake zote nane. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Kila tanbihi ilipaswa kulingana na orodha, na kila jina la orodha na kadi yake. Profesa alikagua hivyo, kidole kimoja kwenye ukurasa na kingine kwenye orodha.

"Orodha inasema wimbo huu una mwenyewe," alisema. "Tanbihi inasema hauna. Kadi iko wapi?"

Niliinuka, nikaenda kwenye koti, nikaitoa. Aliitazama kadi, akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Unajua umefanya nini? Mtu akibuni chanzo ambacho hakipo, au akificha kilichopo, haharibu ukurasa mmoja. Anaharibu kitabu kizima. Atakayeligundua kosa hili atauliza: na tanbihi nyingine je? Nitamjibu nini?"

"Ni mama yangu," nikasema.

"Ninajua ni mama yako. Ndiyo sababu sielewi."

Nikamweleza. Nilisema yote nikiwa nimesimama karibu na mlango, kwa sababu nilikuwa na hakika nitafukuzwa: fimbo, vifuniko, bomba, mlango wa jikoni, familia iliyokaa juu ya godoro. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho alikaa chini, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiona haya.

"Kurasa sita," alisema taratibu. "Nimeandika kurasa sita kwamba ni wimbo wa mapishi. Nani anajua maana yake?"

"Kila mwanamke wa kambi."

"Na mkuu mwenyewe?"

"Akiusoma, hatafika mstari wa tatu kabla ya kuelewa."

Alisukuma karatasi mbali. "Naweza kuuondoa wimbo."

Nilijua sura nzima ilisimama juu ya wimbo ule.

"Naweza kuuacha bila jina. Baada ya kuwasema wenzangu miaka yote, mimi nami niandike 'wenyeji huimba'. Unataka hivyo?"

"Nataka mama yangu alale ndani ya nyumba, Bwana Profesa."

Aliichukua kadi, akaisoma tena. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimelitarajia.

"Yeye mwenyewe, umemwuliza?"

Sikuwa nimemwuliza. Haikunijia hata kidogo kwamba anapaswa kuulizwa.

Hatukuweza kwenda kambini. Mzungu mgeni kwenye mlango wa mchoma matofali angeonekana na kila mtu. Tulingoja Jumamosi alasiri, wanawake walipotoka kwenye mkutano wao wa parokia, nikamwita mama mdogo nyuma ya shule ya mapadri. Alikuja na kapu lake la samaki wakavu, akaliweka chini, akatusikiliza. Nilitegemea atanishukuru. Alinigeukia macho yamewaka.

"Unaondosha jina yangu? Ju ya nini?"

"Ju ya bwana wa kambi, mama. Atabafukuza."

"Mimi njo niliimba, ao ni weye?"

"Ni wewe, mama."

"Basi? Ule jirani yangu wa mulango wa tatu anaanza kusema asema ule wimbo ni yake. Anasemaka ku bomba, mbele ya bantu bote! Kitabu itatoka bila jina, atasema: munaona? Ni ya kwangu, ule mwingine alikuwa mwizi." Alinipiga kifuani kwa kidole. "Ungeniuliza. Niko mutoto yako?"

Profesa, ambaye Kiswahili chetu alikisikia vizuri kuliko alivyokisema, alikuwa anatazama viatu vyake.

Hasira ya mama mdogo ikapungua kidogo kidogo. Niliona anamwaza mume wake. Alikaa juu ya jiwe, akafungua na kufunga fundo la kitenge chake.

"Lakini baba yenu," alisema. "Miaka yote mu ile moto ya matofali. Bakimufukuza, atafanya nini?" Kisha akamtazama Profesa. "Bwana, jina gani uliandika ku karatasi?"

Profesa akamsomea.

"Ile ni ya batizo, na ingine njo karani aliandika ku kitambulisho. Mimi niko na jina ya kwanza. Nkambo yangu, mama ya mama yangu, alinipatia siku nilizaliwa. Kwetu bote banaijua. Hapa ni bwana yangu na huyu tu." Alinionyesha kwa kidevu. "Andika ile."

"Ni jina la kweli?" Profesa aliuliza, na niliona jinsi jibu lilivyokuwa na uzito kwake. "Siwezi kuandika jina la kubuni, mama."

"Ya kweli kushinda ile ya karani."

Alilitamka. Profesa alilirudia vibaya, akishusha sauti mahali pa kupandisha. Mama mdogo akamsahihisha. Alirudia tena, akasahihishwa tena, mpaka mara ya nne mama mdogo aliporidhika. Hapo Profesa akatoa kadi mpya mfukoni, akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika kwenye mahali anapokaa mwimbaji, penseli ilisimama hewani. Kanuni yake ilidai jina la kambi. Aliandika Élisabethville, akaishia hapo, na niliona inavyomwuma.

Kurasa sita alizipunguza zikawa moja na nusu. Neno mapishi alilifuta. Hakuweka maana ya kweli. Alizungumzia pumzi na marudio tu. Mimi nikapiga tena ukurasa, na zile za nyimbo zake nyingine saba, nikapiga tena orodha, maana jina jipya lilianza kwa herufi nyingine na kila lililolifuata likasogea. Kitabu kikaenda kwa mchapaji, nami nikadhani yamekwisha.

Kitabu kilitoka mwezi wa kiangazi, wakati vumbi jekundu la kiwanda linapoingia hata ndani ya chumvi. Majuma machache baadaye, asubuhi ya Jumanne, kapita alikuja kunitafuta mahali nilipopanga, katika cité, mitaa ya Waafrika nje ya kambi. Mkuu wa kambi ananiita ofisini.

Nilipoingia, mume wa mama mdogo alikuwa amesimama ukutani, kofia mikononi, vumbi la matofali mpaka kwenye kope. Hakunitazama. Juu ya meza kilikuwa kitabu, kimefunguliwa kwenye sura ya nne, na kando yake daftari kubwa la wakazi wa kambi. Nilikuja kusikia baadaye kwamba mtu alisoma wimbo kwa sauti kwenye karamu ya Wazungu, na baadhi ya wageni wakacheka kwa namna ambayo mkuu hakuipenda.

"Wewe ndiye uliyepiga hiki?"

"Ndiyo, Bwana."

Aliweka ukucha wake chini ya tanbihi. "Huyu mwanamke ni nani?"

"Jina lake limeandikwa hapo, Bwana."

"Naliona jina!" Alimgeukia kapita. "Tafuta tena."

Kapita alipitisha kidole kwenye daftari, ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikicheza. Mke wa kapita mwenyewe alikuwa akiimba bombani na wengine, kwa hiyo alijua wimbo ni wa nani. Nilisikia karatasi zikigeuka, na kupumua kwa mume wa mama mdogo.

"Haiko, Bwana," alisema kapita mwishoni.

Mkuu akamwelekea mchoma matofali. "Wewe. Kijana huyu umemlea wewe. Mke wako anaitwaje?"

Akataja jina la batizo, na lile la kitambulisho.

"Hana jina lingine?"

Mume wa mama mdogo alikuwa mtu asiyejua kusema uongo; kambini walimtania kwa hilo. Alizungusha kofia mikononi mara moja.

"Yuko na ile jina iko mu kitabu yenu, Bwana," alisema, akilitazama daftari.

Mkuu alinirudia. "Uliusikia wimbo ukiimbwa? Ulikuwepo?"

"Mimi napiga yaliyo kwenye kadi, Bwana. Kadi inasema Élisabethville. Mji una wanawake wengi."

Akachukua simu. Alimwita Profesa, akamtaka amtajie mwanamke yule anakaa wapi. Sikusikia yaliyosemwa upande wa pili, ila niliona shingo ya mkuu ikipanda wekundu kutoka kwenye kola mpaka masikioni. Alisema "lakini" mara tatu. Mara ya tatu hakumaliza. Aliiweka simu polepole, akafunga kitabu.

"Tokeni," alisema.

Profesa alinisimulia alichomjibu. Alimwambia chanzo kimetajwa kama kanuni inavyotaka, ukurasa upo, tanbihi ipo, hana la kuongeza. Kisha akamwuliza kwa upole: "Kwa nini unafikiri wimbo huu unakuhusu wewe?" Hilo mkuu hakuweza kulijibu bila kusema mwenyewe kilichokuwa nyumbani kwake.

Nje ya ofisi nilitaka kumshika mume wa mama mdogo mkono. Aliuondoa. Tulitembea mpaka bombani, akasimama.

"Miaka yote sijasema kitu ya kujificha nyuma yake," alisema. "Leo nimesema. Mbele ya kapita. Usikuye tena ku nyumba yangu."

Alishika neno lake zaidi ya mwaka mmoja. Mama mdogo nilikutana naye parokiani tu, tukiongea haraka kama watu wenye deni la haya. Hakuna aliyefukuzwa. Mkuu aliendelea kupita kila Alhamisi, lakini vifuniko sasa aliviinua kapita, yeye akibaki mlangoni ametazama barabara. Wimbo ulikufa bombani. Mama mdogo mwenyewe aliwaomba wanawake wauache, na jirani wa mlango wa tatu akapata nafasi ya kusema kwamba kama ungekuwa wa mama mdogo asingeogopa kuuimba. Hilo lilimwuma kuliko yote, na hakuwa na namna ya kujibu.

Hatimaye mume wake alipata kazi kwa fundi mmoja upande wa Kampemba, wakahama kambi kwa hiari yao, na siku ya kuhama alituma mtu aniite nibebe kitanda. Hakusema zaidi ya hapo, nami sikuuliza. Jumapili iliyofuata, tulipokwisha kula bukari wote watatu, nilitoa kitabu ndani ya mfuko. Mama mdogo hakuwa amekiona bado. Alinawa mikono, akaifuta vizuri, akakipakata.

"Nionyeshe jina yangu."

Nilimfungulia sura ya nne, nikamwonyesha. Hakujua kusoma, lakini aliinamia karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Hii hapa chini?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona kadogo hivi? Na wimbo iko juu, na maneno ya ule muzungu iko mikubwa, mimi niko chini kama chungu ya zamani?"

Nikamweleza kwamba ndiyo kanuni, kwamba hata washairi wakubwa wa Ulaya majina yao hukaa hapo chini wanaponukuliwa, kwamba Profesa alipigana hata jina lenyewe likae pale. Alisikiliza akipitisha kidole juu ya mstari mdogo, mbele na nyuma. Mume wake alikuwa ametugeuzia mgongo, akirekebisha bawaba ya dirisha, lakini mikono yake ilikuwa imesimama.

"Basi umwambie," alisema mama mdogo, "niko na nyimbo zingine. Akuye na mashine yake. Lakini mara hii aanze na jina, nyuma njo wimbo."

Nilimfikishia Profesa Jumatatu. Alifikiri kwa muda, akasema itabidi aone kama inawezekana, kisha akaniomba nimtafutie kadi mpya.